When We Rise: uzoefu wangu baada ya kumaliza sehemu zote 8

Nimeimaliza juzi usiku na nimeona niandike wakati bado iko kichwani. Mimi ni mtu wa Bukoba, niko Marekani mwaka wa 11 sasa, kazi yangu kutunza wazee na mara nyingi napangiwa shifti za usiku, na hii tamthilia sikuitafuta mwenyewe, kuna mzee ninayemhudumia ndo aliomba tuiangalie wote kwa sababu ujana wake aliuishia San Francisco akataka aone kama wameipatia. Basi kila nikiingia zamu, nikishampa dawa na chai yake, tunaweka sehemu moja.

Kwa ambaye haijui: ni tamthilia ya harakati za haki za mashoga na wasagaji Marekani, ilirushwa na kituo cha televisheni cha ABC mwaka 2017 kuanzia tarehe 27 Februari, usiku nne, na katikati hapo iliruka siku moja maana Rais Trump alikuwa anahutubia Bunge. Ameiandika Dustin Lance Black. Inafuata watu watatu wa kweli, sio wa kubuni, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 70 mpaka kwenye kesi za ndoa za jinsia moja: Cleve Jones, kijana aliyeondoka kwao Arizona ambako baba yake alikuwa mwanasaikolojia na anaamini hali ya mwanawe inatibika, Roma Guy ambaye alikuwa kwenye harakati za wanawake, na Ken Jones, mwanajeshi mweusi wa jeshi la maji.

Kilichonishika mwanzoni ni kwamba wameonyesha kazi yenyewe. Nilitegemea maandamano na mabango tu, kumbe muda mwingi watu wako kwenye vyumba vidogo wanabishana, nani aongee, hela itoke wapi, wanawake wanataka sehemu yao wenyewe na ndo lilikotoka lile jengo la Women's Building ambalo lipo mpaka leo, na ndani ya wanawake wenyewe kuna waliokuwa hawataki wasagaji waonekane wasije wakaharibia harakati jina. Ken naye akiwa na weusi wenzake anaficha kwamba ni shoga, akienda kwenye baa za mashoga anabaguliwa kwa rangi, yaani hana pa kukaa akawa mzima. Hiyo nimeielewa bila kutafsiriwa. Harvey Milk, mwanasiasa wa San Francisco aliyekuwa shoga waziwazi, anauawa Novemba 1978 pamoja na meya George Moscone, na hapo mzee wangu aligeuza uso ukutani, hakusema kitu mpaka sehemu ile ikaisha.

Halafu unakuja ugonjwa.

Diane, mwenza wa Roma, ni nesi, na Diane Jones wa kweli alikuwa mmoja wa manesi wa mwanzo wa wodi ya 5B pale San Francisco General, wodi iliyofunguliwa 1983 kwa ajili ya wagonjwa wa ukimwi peke yao, wakati sehemu nyingine watu walikuwa wanavaa kama wanaenda vitani kabla ya kuingia chumbani kwa mgonjwa na sinia la chakula linaachwa mlangoni. Manesi wa 5B waliamua kumshika mgonjwa mkono, kukaa kitandani kwake, na kumwachia mgonjwa aseme familia yake ni nani. Mimi hii ndo kazi yangu, kila siku nageuza watu, nawaosha, nawakata kucha, najua mtu ambaye hajaguswa kwa muda anavyoshtuka ukimshika bega. Kwa hiyo zilipofika sehemu za ugonjwa sikuweza kukaa kimya, nilisimamisha nikamwambia mzee kwamba mwaka huo huo 1983 ndo wagonjwa wa kwanza Tanzania walitangazwa, na walikuwa kwetu Kagera. Hakuwa anajua. Mimi na yeye tumekaa miezi yote hiyo chumba kimoja na hatukuwahi kuongelea hilo.

Kwetu mwanzoni waliuita ugonjwa wa Juliana. Juliana ilikuwa nguo ya fasheni iliyokuwa inavuka na wafanyabiashara kutoka Uganda, na kwa kuwa wafanyabiashara ndo walianza kukonda basi ugonjwa ukachukua jina la nguo. Mjomba wangu alikuwa anafanya biashara hiyo hiyo ya kuvuka mpaka. Alikufa 1989, mimi nina miaka saba, ninachokumbuka ni kikombe chake cha bati cheupe kimefungwa uzi mweusi kwenye mkono ili watoto tusikosee tukakinywea, na msibani kila mtu anasema alilogwa, hakuna aliyetaja ugonjwa.

Sasa ukiwa na hayo kichwani halafu uone lile blanketi la viraka la kuwakumbuka waliokufa kwa ukimwi. Cleve ndo aliyelianzisha, kila kipande futi 3 kwa futi 6, ukubwa wa kaburi, kila kimoja na jina la marehemu limeshonwa na watu wake, na Oktoba 1987 walilitandaza Washington kwenye ule uwanja wa National Mall vipande 1,920. Kwetu ugonjwa ulipewa jina la nguo, hawa wakachukua nguo wakashona majina ya watu. Nililia kweli, sio machozi ya filamu. Asubuhi nilipotoka kazini nilimpigia mama nikamuuliza jina la ubatizo la mjomba maana mimi nilikuwa nalijua lile la nyumbani tu. Akanitajia, akakaa kimya kidogo, halafu akaniambia na jina la shati alilopenda. Tuliongea saa nzima.

Najua wapo ndugu zangu watakaosoma hapa waseme unaangaliaje mambo hayo, dada yangu ameshaniambia. Mimi nasema angalia namna hawa watu walivyozikana na kuuguzana wakati ndugu zao wa damu wamewafungia milango, halafu ndo tuongee.

Ina kasoro. Kubwa kuliko zote ni kuruka miaka, huku nyuma waigizaji vijana umeshawazoea, Jonathan Majors ndo Ken kijana na anacheza vizuri sana, mara unaletewa waigizaji wengine wakubwa, Guy Pearce anakuwa Cleve, Michael K. Williams anakuwa Ken, na inachukua muda kuamini kwamba ni mtu yule yule. Michael K. Williams lakini atakurudisha, zile sehemu za Ken akiwa kwenye madawa mpaka anafika kanisani ni za kuangalia ukiwa umetulia. Huko mwishoni kwenye kesi za ndoa na Proposition 8, ile kura ya California ya kukataza ndoa za jinsia moja, wanahutubiana mno, mtu anaongea na mwenzake jikoni kama yuko mahakamani. Cecilia Chung, mwanamke transi, yaani alizaliwa akahesabiwa mwanaume, anaigizwa na Ivory Aquino ambaye naye ni transi, ila wamempa muda mdogo na alistahili zaidi. Sabutaito ya Kiswahili sikuipata popote, na mimi nilipoiangalia kulikuwa na matangazo kila baada ya dakika chache, yanakata pale pale unapotaka kupumua.

Nampa 7 kwa 10, sehemu za miaka ya 80 peke yake nazipa 10. Kama huna muda anza na mbili za kwanza ujue watu ni nani, halafu nenda kwenye ugonjwa, kesi unaweza kuziangalia siku nyingine. Kama unafanya kazi ya kutunza wagonjwa, za ugonjwa usizikose. Mzee anasema barabara wamezipatia ila watu walikuwa wanacheka zaidi ya hapo hata kipindi kibaya, na Alhamisi nikiingia ameomba tuanze tena ya kwanza, safari hii tutakuwa tunaisimamisha anieleze.