Peti skani ya ubongo baada ya ajali ya boda, tulivyohudumiwa sisi wa Moshi

Naandika kwa ajili ya yeyote ambaye ndugu yake aligonga kichwa akaambiwa yuko salama na mpaka leo hayuko sawa.

Mdogo wangu anauza mitumba Kiboriloni. Alianguka na boda barabara ya Himo, helmeti hakuvaa, akazimia dakika kadhaa. Hospitali tuliyomkimbiza (siitaji) wakampiga siti skani, fuvu zima, damu haijavuja, nendeni nyumbani. Kipimo chenyewe sikilaumu maana usiku wa ajali ndicho kinachookoa maisha, kinaonyesha damu haraka, ila kutuachia bila hata kutuambia dalili gani tuziangalie, hapo walikosea sana. Miezi minane kijana anapotea kwenye chenji, mteja akitoa elfu kumi kwa shati la elfu tatu anaganda tu, hasira za ghafla, mchana analala. Nyumbani wakaanza kusema mvivu, wengine wanasema mbege, mama akawaza karogwa.

Dokta wa mishipa ya fahamu Arusha ndiye alitukalisha chini. MRI, ile picha ya ubongo ya mashine ya sumaku, nayo ilikuwa imetoka safi, akasema duka linaweza kuwa zima, bati halivuji, mlango unafunga, lakini ndani hakuna anayeuza, sasa peti skani inaangalia kama kuna biashara inaendelea. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili ila unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yote, na chakula chake kikubwa ni sukari, kwa hiyo wanakuchoma sindano ya glukosi iliyowekewa mionzi kidogo halafu mashine inaona sukari imeenda wapi.

Kipimo hicho tulienda kukifanya hospitali moja Nairobi kupitia Namanga, tukalala kwa shangazi maana asubuhi hutakiwi kuchelewa kabisa. Ile dawa ya sindano ina fluorini-18, ndiyo inayotoa ile mionzi, na kila dakika 110 nguvu yake inapungua nusu, haikai stoo ikusubiri wewe umekwama foleni. Hakula kitu masaa sita, maji tu. Walipima sukari ya damu kwanza (mwenye kisukari awaambie mapema, ikiwa juu picha inaharibika), wakamchoma sindano wakamlaza chumba cha mwanga hafifu, simu hakuna, kuongea hakuna, kwa sababu ukiongea au ukitazama video sehemu hizo za ubongo zinachukua sukari zaidi. Nesi alikuwa mpole jamani, alirudia kumweleza mara tatu bila kukasirika, na kwa mtu anayesahau kama mdogo wangu hiyo ni huduma kubwa. Kwenye mashine kwenyewe hata nusu saa haikufika. Tukaambiwa siku hiyo asibebe watoto wala kukaa karibu na mjamzito.

Kilichoniudhi ni ripoti, kurasa mbili za kidaktari na hakuna aliyetufafanulia, tukarudi nayo Arusha kama barua ya mtu mwingine. Dokta akafungua picha, penye sukari nyingi pana rangi nyekundu na njano, lakini kwa mdogo wangu nyuma ya paji la uso na ubavuni juu ya sikio pamefifia. Mama aliitazama muda mrefu, akamshika mwanae mkono akamwambia nisamehe baba.

Msikimbilie tu kwenda lakini. Dokta alisisitiza sonona na baadhi ya dawa zinaweza kufifisha picha pia, kwa hiyo peke yake haithibitishi kitu, anaisoma pamoja na historia ya ajali na vipimo vya kumbukumbu, na siyo kipimo cha kila aliyegonga kichwa. Bei nayo ilituuma, ukoo mzima ulichanga, pigeni simu kwanza muulize. Hao wa Nairobi nawapa nyota nne kwa tano, moja nimekata kwa ile ripoti.

Sasa anafanya mazoezi ya kumbukumbu, sokoni anaandika kila mauzo kwenye daftari, na binamu anakaa naye kwenye chenji. Mkienda bebeni CD za skani zote za zamani, sisi tuliacha moja Moshi ikabidi itumwe na basi.