Bastola ndogo za mfukoni: uzoefu wangu na .22, .25, .32 na .380

Watu wakianza kuongelea hizi bastola ndogo utasikia wanabishana nguvu ya risasi tu, ipi inazama zaidi, ipi inaangusha mtu, mi naona wanaanzia mbali. Swali la kwanza ni moja, ukivuta triga inalia? Na ikishalia, ya pili inaingia yenyewe kwenye chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa) au slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, inakwama katikati? Nimebeba ndogo kwa muda mrefu, kila siku, mfuko wa mbele wa suruali, na nimepitia kaliba (yaani ukubwa wa risasi) zote nne hapo juu, kwa hiyo naandika nilichokiona na kwa nini sasa hivi mfukoni iko .32 na siyo nyingine.

Naanza na .22 LR maana ndo kila mtu anaanzia hapo. Risasi ni rahisi kupata, haipigi mkono, mtu asiyezoea anaipiga bila kuogopa, na imekuwepo tangu 1887 kwa hiyo siyo kitu cha kubahatisha. Kwa mazoezi sina neno nayo kabisa. Tatizo ni fataki, kile kinachowasha baruti pini ikigonga. Hizo kaliba nyingine tatu fataki imekaa katikati ya kitako cha ganda, kitu kimoja kamili kimepachikwa pale, lakini .22 haina hiyo, dawa ya kuwashia inawekwa ndani ya ganda halafu inazungushwa kwa kasi isambae kwenye ule ukingo wa kitako, sasa isiposambaa sawasawa kuna upande unabaki bila kitu na pini ikiangukia hapo unasikia tik basi. Bastola moja ya .22 niliyokuwa nayo, sitaitaja jina, ilikuwa inanifanyia hivyo kila mara, natoa risasi naangalia ukingoni, alama ya pini imezama vizuri kabisa, yaani bastola imefanya kazi yake ila dawa haikuwepo pale. (Na ikitokea tik usikimbilie kufungua, acha mtutu uelekee sehemu salama usubiri kama nusu dakika, kuna nyingine zinachelewa kuwaka.)

Kingine, ganda la .22 ukingo wake umetokeza nje, na kichwa chake ni cha madini laini ya risasi, mara nyingi kimepakwa nta au shaba nyembamba, kwa hiyo inaacha uchafu mwingi. Kwenye bastola ndogo ambayo slaidi ni nyepesi na safari yake ni fupi, uchafu kidogo tu unatosha kuichelewesha. Nikiwa nayo eneo la shabaha naona kabisa, mwanzoni inakwenda vizuri, baadaye inaanza kusitasita. Ukitaka lazima .22 basi tumia zenye kasi, mfano CCI Mini-Mag, au zile Federal Punch zilizotoka 2021 ambazo zimetengenezwa makusudi kwa mitutu mifupi, utofauti utauona.

Katika hizo .22 iliyonikaa moyoni ni Beretta 21A Bobcat. Hii mtutu wake unainuka mbele ukisukuma kitufe cha pembeni, unatumbukiza risasi moja kwa moja kwenye chemba bila kuvuta slaidi, mama mtu mzima mwenye vidole vinavyouma anaitumia bila shida na hilo kwangu ni jambo kubwa. Mvuto wa kwanza wa triga ni mrefu, nyundo iko nje, na risasi ikigoma unaweza kuvuta triga tena ikapigwa mara ya pili. Ila jua hili kabla hujaitegemea, haina ile ndoano ya kuvuta ganda, maganda yanatoka kwa msukumo wa moshi tu, sasa risasi iliyogoma haitoki kwa kuvuta slaidi hata ukivuta mpaka kesho, inabidi uinue mtutu uichokonoe kwa kucha. Ukiwa umetulia ni sekunde chache. Ukiwa na hofu mikono inatetemeka, sidhani.

.25 watu wanaidharau sana na mi naona wanaionea. John Browning, mbunifu wa silaha Mmarekani, aliitoa 1905 pamoja na bastola yake ndogo ya kiwanda cha FN, na ukiangalia nguvu yake ikitoka kwenye mtutu mfupi inakaribiana na .22, kichwa cha gramu 3.2 hivi kinachotembea kama mita 230 kwa sekunde, sasa mtu anauliza faida iko wapi. Faida ni fataki ya katikati! Na ganda limenyooka, ukingo umetokeza kidogo mno, linateleza kutoka magazini (kisanduku cha risasi ndani ya mpini) kwenda chemba vizuri. Nimepiga .25 nyingi na kugoma kuwaka sikumbuki. Kilichonifanya niiache ni kwamba kwa ukubwa uleule wa bastola leo unapata .32, hakuna sababu ya kubaki chini.

Sasa .32, hapa ndo kwangu. Ni ya 1899, Browning tena, Ulaya wanaiita 7.65, ndiyo iliyokuwa kwenye Walther PPK za miaka ya 1930 na polisi wa nchi kibao walibeba. Kichwa gramu 4.6, haipigi mkono kwa nguvu, na mshindo wake unavumilika. Ninayobeba ni Kel-Tec P-32, ilitoka 1999, ikiwa tupu haifiki gramu 200, ukiishika mara ya kwanza unaweza kusema ni ya kuchezea watoto. Bastola nyingi za ukubwa huu slaidi inarudi nyuma kwa kusukumwa tu, inazuiwa na springi na uzito wake basi, ndo maana springi zake ngumu na zinapiga mkono. Hii mtutu na slaidi vimefungana wakati risasi inalia halafu mtutu unainama kidogo vinaachana, kwa hiyo springi inaweza kuwa laini, kuikoki ni rahisi, na risasi ya pili unarudi kwenye shabaha haraka. Ukimaliza risasi slaidi inabaki nyuma, hukai unavuta triga ya bastola tupu. Ninachoilalamikia ni vilengeo vyake, ni vidogo kiasi kwamba gizani ni kama havipo, na risasi ikigoma kuvuta triga tena hakusaidii, lazima uvute slaidi.

Lakini .32 ina ugonjwa wake na huu lazima uujue. Ukingo wa ganda lake umetokeza kidogo. Magazini imetengenezwa kwa urefu wa risasi ya kawaida yenye kichwa cha mviringo, sasa ukiweka zile zenye kichwa chenye shimo ambazo ni fupi, zinabaki na nafasi, zinacheza mbele na nyuma kila bastola inaporuka, mwisho ukingo wa risasi ya juu unadumbukia nyuma ya ukingo wa risasi ya chini. Hapo imekwisha, slaidi inasukuma ya juu lakini ya juu imeshikwa na ya chini, haisogei, na kugonga kitako cha magazini na kuvuta slaidi hakusaidii kitu, mpaka utoe magazini uzichomoe kwa mkono. Kwa hiyo kwenye P-32 yangu ni kichwa kigumu cha mviringo peke yake, tena ndo zinazozama zaidi kuliko zenye shimo kwa kaliba ndogo hivi, nimepata vyote viwili.

Halafu angalia maajabu, Seecamp ya .32 ni kinyume kabisa. Ile kabastola ni kadogo zaidi, chuma kitupu, haina vilengeo hata kidogo, na magazini yake ni fupi kwa sababu ilitengenezwa kuizunguka risasi yenye shimo ya Winchester Silvertip, ukijaza za mviringo za kawaida ni ndefu mno. Risasi ileile, jina lilelile, bastola mbili, kila moja inataka kitu chake. Na Beretta Tomcat, .32 yenye mtutu wa kuinuka kama Bobcat, watengenezaji wenyewe wanakataza kuilisha risasi za nguvu kupita kiasi kwa sababu ya fremu. Ndo maana mtu akiniuliza risasi nzuri ya .32 ni ipi namuuliza kwanza una bastola gani, na kitabu chake umekisoma?

.380 sitaongea sana, inaandikwa kila mahali. Ruger LCP ilitoka 2008, LCP Max ya 2021 inabeba 10 na moja chemba kwa ukubwa karibu uleule, na kama mikono yako ina nguvu hiyo ni chaguo zuri, fataki katikati, ukingo haujatokeza, ugonjwa wa .32 haipati. Ila kwenye bastola ya gramu 270 inapiga mkono kwelikweli, na nimeona watu wanaishika legelege kwa kuogopa, slaidi inakosa mahali pa kuegemea, hairudi yote, inakwama, halafu lawama inaenda kwa bastola. Mi mwenyewe nikishika .32 napiga vizuri zaidi na mapema zaidi, nimechagua hivyo na sijutii.

Anayetaka .22 kwa lazima ningempa revolva ya risasi nane kama Ruger LCR, maana pale risasi ikigoma unavuta triga tu inakuja nyingine, hakuna magazini wala slaidi ya kukwama. Triga yake ngumu kidogo, springi lazima iwe na nguvu ili ivunje ule ukingo.

Kuhusu mfuko wenyewe, hapa ndo bastola nyingi nzuri zinaharibikia. Mfuko una pamba za nguo, vumbi, jasho. Vinaingia mdomoni mwa mtutu, kwenye njia ya nyundo, juu ya risasi za magazini, vikikutana na mafuta mengi vinakuwa uji. Kwa hiyo mafuta kidogo, futa, na kila wiki natoa magazini, naondoa risasi ya chemba, naipuliza na kuipiga brashi hata kama sijaipiga. Holsta (ala ya bastola) ya mfukoni lazima, ifunike triga yote na ibaki mfukoni ukichomoa bastola, na mfuko huo usiwe na kitu kingine, siyo ufunguo, siyo sarafu, hakuna. Nyumbani inaingia kwenye kabati la chuma lenye kufuli, watoto wawepo wasiwepo. Na kibali kwanza kabla ya yote hayo, kama sheria ya ulipo haikuruhusu kubeba basi mjadala umeishia hapo.

Kabla sijaibeba bastola mpya naitaka ipite risasi 200 bila kukwama, tena sehemu yake nzuri ziwe zilezile nitakazobeba, na kwa magazini zote nitakazobeba, maana magazini mbili za bastola moja hazifanani tabia. Ikikwama hata moja nahesabu upya. Na ile risasi ya kwanza inayoingia na kutoka chemba kila unaposafisha usiirudishe hiyohiyo kila siku, kila ikigonga mlango wa chemba kichwa kinasukumwa ndani ya ganda kidogokidogo, na ganda likipungua nafasi presha inapanda. Iweke pembeni ya risasi mpya uzilinganishe urefu, ukiona imefupika itenge usiipige.