Kliniki ya ngozi hapa mjini yenye dermoskopu, mie nimeridhika

Jamani wenye watoto wa skuli na chuoni someni hii. Nilimpeleka mwanangu wa kike kliniki moja ya ngozi hapa mjini Unguja, kichwa kimemtoka viraka havina nywele na kila mtu ana lake, huyu anasema mba, yule kasukwa kwa nguvu, na duka moja la dawa wakanipa krimu ya stiroidi hata kichwa hawajakitazama, ndo ikazidi kuenea.

Huyu daktari hakukisia. Ana kidude kinaitwa dermoskopu, kinakaa kiganjani, lenzi yake inakuza mara 10 na taa yake inaondoa ule mng'aro wa juu ya ngozi, kakigusisha tu kichwani, hakuna sindano wala kukatwa, mtoto katulia tuli. Akaniita na mie nichungulie: vinywele vimekatika vimejipinda kama alama ya mkato, vyengine vimejisokota springi. Akasema haya mapunye, fangasi wameingia ndani ya unywele wenyewe, dawa ya kupaka peke yake haimalizi, lazima vidonge. Ingekuwa kinga ya mwili ndo inashambulia nywele tungeona vinywele vyembamba kwenye shina vinene juu, na kunyonyoka kwa kusukwa mara nyingi huanzia pembezoni mwa paji. Na bado akakwangua magamba yakenda maabara kuhakikisha, hapo ndo nikamuamini kweli. Kaandika vidonge vya fangasi vinaitwa griseofulvini, wiki 6 mpaka 8, anywe na maziwa au chakula chenye mafuta, na ndugu zake wote wakaguliwe vichwa. Sasa nywele zinaota mashaallah.

Mamaangu nae ana mstari mweusi kwenye ukucha wa dole gumba, lakini tumetoka harusini, hina imejaa mpaka kwenye kucha, daktari hakuweza kuona kitu kaambiwa arudi ukucha ukishakua. Alimueleza kwa upole, bibi, sisi weusi wengi tunayo mistari hii vidole kadhaa na haina neno, wa kuufatilia ni ule wa kidole kimoja unaopanuka au rangi ikamwagikia ngozi ya pembeni, huo hukatwa kipande kikapimwe saratani.

Kasoro ipo, foleni ndefu na namba zinaisha mapema, halafu tulipopiga simu mapokezi hawakutwambia lolote kuhusu hina. Kwa hio mukenda musipake mafuta kichwani siku hiyo, kucha ziwe hazina hina wala rangi.