Dayari au barua za zamani, uanze na ipi?
Ukiwa chumba cha nyaraka cha chuo kikuu ukaletewa maboksi mawili, la dayari na la barua, mi nakwambia anza na dayari. Mtu kaandika usiku uleule kabla hajasahau, mvua, homa, deni, yote yamo. Barua tamu kweli, ila anamwandikia mtu kwa hiyo anapamba, anaficha, halafu mara nyingi unapata upande mmoja tu maana barua hukaa kwa aliyeipokea, majibu yako kwingine kabisa. Lakini bahasha jamani! Muhuri wa posta unakupa mahali na tarehe hata mwandishi asipoweka. Karne ya 19 wengine walijaza ukurasa, wakauzungusha ukalala kiubavu na kuandika tena juu yake kukatiza mistari ileile, kubana gharama ya posta, macho yanauma ila inasomeka.