Uzoefu wangu na SystemRescue: kuifufua kompyuta iliyokataa kuwaka baada ya kupandisha toleo la mfumo

SystemRescue ni mfumo wa Linux wa bure unaowashwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kusakinishwa na bila kubadilisha chochote kwenye diski ya kompyuta mpaka mwenyewe uamuru. Nimeutumia kuirudisha kompyuta yangu ya kazi, ambayo ilikoma kuwaka mara tu baada ya mfumo endeshi wake, nao ukiwa wa Linux, kupandishwa toleo. Mara nyingi tatizo la aina hii likitokea ushauri wa kwanza ni kufuta diski na kusakinisha upya, na nilishauriwa hivyohivyo. Ninaupinga ushauri huo, kwa sababu kompyuta isiyowaka huwa mara nyingi ina mfumo mzima na faili zote salama, na kilichovunjika ni kiungo kimoja tu katika mfuatano wa kuwaka.

Mfuatano wenyewe inafaa ueleweke. Programu ya UEFI iliyo kwenye ubao mama husoma sehemu ndogo ya diski iliyotengwa kwa ajili yake, huikabidhi kazi GRUB, yaani programu ya kuanzisha mfumo, na GRUB hupakia kerneli, kiini cha mfumo endeshi, pamoja na faili ya initramfs. Faili hiyo hubeba viendeshi na zana ambazo kerneli inazihitaji ili iweze kuifikia diski yenye mfumo wenyewe, na ikiwa diski imesimbwa kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kufunga diski kwa nenosiri, kama ilivyo yangu, ndani yake ndimo mnamotoka ombi la nenosiri. Kwenye kompyuta yangu UEFI na GRUB vilifanya kazi, lakini kerneli ilisimama na ujumbe kwamba imeshindwa kupachika mfumo wa faili wa mzizi kwenye kifaa kisichojulikana, chenye tarakimu 0,0. Tarakimu hizo ni dalili nzuri sana ya uchunguzi. Maana yake ni kwamba kerneli haikuweza kuitambua diski yenye mfumo, na aghalabu chanzo ni initramfs ambayo haipo au haikukamilika. Kwa kawaida hapo mtu angechagua kerneli ya zamani kwenye orodha ya GRUB, lakini ya kwangu ilikuwa imeondolewa katika zoezi lilelile la kupandisha toleo.

Kuandaa flashi si kazi ngumu ukiwa na kompyuta nyingine: unapakua faili ya picha ya diski yenye ukubwa wa takribani gigabaiti 1, unahakiki alama yake ya SHA256 (msimbo unaothibitisha kwamba faili ni kamili), kisha unaiandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus ukiwa kwenye Windows au kwa amri ya dd ukiwa kwenye Linux. Uhakiki huo usirukwe, maana faili iliyopakuliwa nusunusu inaweza kuzaa makosa yanayofanana kabisa na diski mbovu. Kwenye kompyuta yangu nililazimika pia kuingia katika mipangilio ya UEFI na kuzima Secure Boot, ulinzi unaozuia kuwasha mifumo isiyo na sahihi inayotambulika, vinginevyo flashi haikukubaliwa.

Kilichonivutia kuliko vyote ni chaguo la findroot lililo kwenye menyu ya kuwashia. Chaguo hili hutumia kerneli na initramfs za SystemRescue yenyewe, hutafuta Linux iliyosakinishwa kwenye diski, kisha huiwasha hiyo. Niliombwa nenosiri la diski, nikaliandika, na baada ya muda mfupi nikawa ndani ya mfumo wangu mwenyewe, faili zangu na mipangilio yangu vikiwa kama nilivyoviacha. Kwa hatua hiyo moja nilikuwa nimethibitisha kwamba mfumo ni mzima na kwamba hitilafu imo ndani ya folda ya /boot peke yake. Sijui njia nyingine inayopunguza uwanja wa utafutaji kwa haraka namna hiyo.

Yaliyofuata yalikuwa mepesi. Diski inaposimbwa, /boot huwekwa mara nyingi kwenye sehemu yake ndogo isiyosimbwa, na amri ya df -h, inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski, ilionyesha kwamba sehemu hiyo imejaa asilimia 100. Ndani yake kulikuwa na faili za initramfs za kerneli ambazo zenyewe hazikuwapo tena, kila moja ikikalia makumi ya megabaiti, kwa hiyo ile ya kerneli mpya ilikosa nafasi na haikuundwa. Nilizihamishia faili hizo kwenye folda nyingine badala ya kuzifuta, nikamalizia usakinishaji uliokatika kwa amri ya dpkg --configure -a, nikajenga initramfs mpya kwa update-initramfs, kisha nikaihuisha orodha ya GRUB kwa update-grub. Kompyuta ikawaka bila flashi. Tangu hapo huangalia nafasi ya /boot kabla ya kupandisha toleo lolote, na ningependa wasimamizi wa mifumo wawahimize watumiaji wao kufanya vivyo hivyo.

Kwa upande wa mapungufu, SystemRescue ikiwashwa kwa kawaida hukufikisha kwenye skrini nyeusi ya amri, ukiwa na mamlaka yote ya msimamizi, na mazingira ya madirisha hayafunguki mpaka uandike startx. Hakuna kitufe cha kurekebisha kila kitu. Asiyezoea amri anaweza kuandika jina la diski asiyoikusudia na kupoteza data, kwa hiyo mtu wa namna hiyo namshauri aketi na mwenzake anayezifahamu. Zana nyingine zilizomo, kama GParted ya kugawa diski, TestDisk ya kurejesha sehemu za diski zilizopotea na ddrescue ya kunakili data kutoka diski mbovu, nilizipitia kidogo tu, ingawa ningeanza na ddrescue endapo diski yenyewe ingekuwa inakufa.

Kwa kompyuta ya Windows iliyogoma baada ya sasisho, SystemRescue inafaa kwa kunakili faili kutoka kwenye diski ya NTFS, yaani mpangilio wa faili unaotumiwa na Windows, lakini kuurekebisha mfuatano wa kuwaka ni bora kutumia mazingira ya urejeshaji ya Windows yenyewe. Ikiwa diski hiyo inalindwa na BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, hakikisha kwanza unao ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48, kwa kuwa kuzima Secure Boot kunaweza kuifanya kompyuta iuombe ufunguo huo kabla ya kuendelea.