TAHADHARI: Anauza vipande vya matumbawe vilivyoanza kuchubuka, kisha anauza "dawa" yake

Wadau wa matangi ya matumbawe, kuna muuzaji anayezunguka mitandaoni kwa majina tofauti akiuza vipande vya akropora, montipora na eufilia, ambazo ni aina za matumbawe magumu, pamoja na chupa ya maji ya kahawia hafifu anayoiita tiba ya kuchubuka, yaani tishu hai kuachia mfupa wa tumbawe. Jina halitawasaidia, maana analibadilisha kila watu wanapoanza kulalamika. Mtamtambua kwa mbinu yake. Anakuuzia ugonjwa, halafu anakuuzia dawa ya ugonjwa huohuo, na dawa yenyewe inamalizia matumbawe uliyokuwa umebakiwa nayo.

Mchezo unakwenda hivi. Picha zake zote zimepigwa chini ya taa ya buluu kali, na kitako cha kipande hakionekani: ama kimeachwa nje ya picha, ama kimezibwa na gundi nzito. Ukimwomba picha chini ya mwanga mweupe, anasema taa zake hazina. Malipo anataka umtumie moja kwa moja, nje ya mfumo wa soko la mtandaoni alikotangaza, ili usipate pa kudai. Kipande kinafika kikionekana kizima. Siku chache baadaye tishu inaanza kuachia kuanzia chini na mfupa mweupe unajitokeza. Ukimwandikia, suala la fidia halijibu. Anaomba picha, na muda si muda anakwambia tangi lako limeingiliwa na bakteria. Wafugaji kadhaa wamenionyesha mazungumzo yao naye. Maneno ni yaleyale, hata alama za uandishi ni zilezile, kwa mwenye akropora na kwa mwenye eufilia, wakati matumbawe hayo mawili hayaugui kwa namna moja.

Wawili kati yao waliniletea vipande vyenyewe. Nilibandua gundi kwa kisu chembamba na kutazama chini yake kwa lenzi. Mfupa uliokatwa karibuni huwa mweupe safi na vitundu vyake viko wazi. Huu ulikuwa na utando wa mwani wenye nyuzi juu ya uso wake, umeshikamana hadi ndani ya vitundu, na ukingo wa tishu juu ya gundi ulikuwa umelegea. Hapa niseme jambo, kwa sababu najua wapo watakaouliza: mstari wa kijani ulio ndani ya mfupa, chini ya tishu hai, ni wa kawaida, kuna mwani unaoishi humo na haudhuru kitu. Ninachozungumzia ni nyuzi za juu ya uso. Hizo hazioti mahali palipofunikwa na tishu hai. Maana yake tishu ilikuwa imekwisha kuondoka pale kabla gundi haijapakwa, na gundi ilipakwa kuficha. Kipande kimojawapo kilikuwa pia na mayai ya minyoo bapa, nitayarudia.

Sasa chupa. Haina orodha ya viambato, haina mtengenezaji wala tarehe. Kuna karatasi tu inayoeleza matone mangapi kwa lita ngapi. Nilipewa iliyobaki, nikachanganya ndoo ya maji ya chumvi mapya, nikapima ualkali (uwezo wa maji kuhimili asidi), nikaweka kiasi kilekile kilichoandikwa, nikakoroga, nikapima tena. Kwa kipimo cha ualkali kiitwacho dKH, ulitoka 8 ukavuka 10. Hiyo ni dozi moja, na karatasi inataka irudiwe asubuhi na jioni. Hata kama humo ndani mna kitu kingine chochote, hili peke yake linatosha kuua akropora.

Maji ya bahari yana ualkali wa karibu dKH 7, na wafugaji wengi wanaushikilia kati ya 7 na 9. Kinachoumiza zaidi ya namba yenyewe ni kuyumba. Kuruka kwa dKH 2 ndani ya siku moja ni sababu inayojulikana ya kuchubuka, hasa kwenye tangi ambalo virutubisho, yaani naitreti na fosfeti, viko karibu na sifuri. Na hapa ndipo watu wanaponaswa: mtu ana kipande kimoja kinachougua, anaweka matone, kesho matumbawe mengine yaliyokuwa mazima yanaanza kuchubuka. Anamwambia muuzaji, naye anajibu kwamba bakteria wameenea, aongeze dozi, na achukue chupa kubwa zaidi. Inaaminika, kwa sababu kinachoonekana tangini kinafanana kabisa na maambukizi yanayosambaa. Fedha zikiisha, au maswali yakizidi, anakufungia mawasiliano.

Naomba sana, msikubali mtu yeyote awaambie "bakteria" kwa kutazama picha moja. Bakteria wa kuua tishu wapo kweli. Vibrio coralliilyticus inajulikana kushambulia tumbawe la Pocillopora damicornis, na makali yake hupanda joto la maji linapopanda. Ila kabla ya kufika huko kuna mengi ya kuangalia, na mengi kati ya hayo hayahitaji dawa yoyote.

La kwanza ni kuhakikisha kwamba ni kuchubuka na si kupauka. Tumbawe lililopauka limepoteza mwani mdogo unaoishi ndani ya tishu, lakini tishu ipo. Zima pampu, mulika tochi ubavuni, utaiona ikiwa nyembamba na angavu, na polipu zake, yaani vile vinywa vidogo vyenye mikono, bado zinatoka. Lililochubuka limebaki mfupa mtupu, na mpaka kati ya uhai na mfupa uko wazi. Nimeona mtu akiuziwa chupa hii kwa ajili ya tumbawe lililopauka kwa sababu ya taa mpya yenye nguvu mno. Kupunguza mwanga kungetosha.

Kisha tazama kasi na mahali lilipoanzia. Tishu ikibanduka vipande vipande na kuelea, tumbawe zima likaisha kwa saa chache au siku moja mbili, mara nyingi kuna mshtuko uliotangulia: chumvi imebadilika ghafla, hita imekwama, ualkali umeruka. Hapo usisubiri uchunguzi. Kata matawi mazima, juu kabisa ya mpaka wa kuchubuka, uyahamishe. Kinachopanda polepole kutoka kitakoni kwa wiki kadhaa ni hadithi nyingine: kivuli, maji yasiyozunguka vizuri huko chini, virutubisho vilivyokwisha kabisa, au ualkali unaopanda na kushuka kila siku bila mwenye tangi kujua kwa sababu anapima Jumamosi tu. Pima asubuhi na usiku kwa siku chache mfululizo, utaona. Ncha zikiungua wakati kitako ni kizima, shuku kwanza ualkali ulio juu pamoja na virutubisho vilivyo chini. Na kabla ya yote haya, kagua kipima chumvi chako kwa maji maalumu ya kukisawazisha yenye chumvi 35 kwa elfu. Kifaa kinachodanganya kinapoteza watu wengi.

Sehemu za kupauka zilizo za mviringo, zilizotawanyika kwenye tawi la akropora, ni alama za kuliwa na minyoo bapa. Minyoo wenyewe wanafanana na rangi ya tumbawe, huwaoni mpaka uwapulizie maji kwa nguvu. Mayai yao ya kahawia hupangwa kwenye mfupa mtupu, karibu na ukingo wa tishu, yaani mahali palepale muuzaji huyu anapopaka gundi. Kuogesha kipande kwenye maji yenye dawa ya minyoo kunawaondoa walioanguliwa. Mayai hayadhuriki, kwa hiyo lazima uyakwangue na urudie kuogesha kwa wiki kadhaa kipande kikiwa karantini. Kwenye montipora tazama upande wa chini kama kuna konokono wadogo weupe wasio na kombe na mayai yao. Eufilia yenye ute wa kahawia unaonuka ni dharura: zima pampu, nyonya ute kwa mpira wa maji kabla haujaelea kwa majirani, uitoe.

Siku hizi anatumia pia habari za Florida, Marekani, kuitetea chupa yake. Ni kweli kwamba mwaka 2014 karibu na Miami ulionekana ugonjwa wa kupoteza tishu kwenye matumbawe magumu, ukaenea hadi Karibi, na ni kweli kwamba wapiga mbizi wanautibu kwa antibayotiki ya amoksilini. Lakini wanaipaka ikiwa imechanganywa kwenye malhamu maalumu, kwa mkono, kwenye jeraha la tumbawe mojamoja, na tumbawe lilelile linaweza kutoka jeraha jipya pengine. Hakuna anayemimina matone baharini. Antibayotiki isiyojulikana ikimwagwa kwenye tangi la nyumbani inaweza kuua bakteria wanaokula amonia, na hapo utapoteza hata samaki.

Kuna na suala la vibali. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo kuyavusha mpaka kunahitaji karatasi za nchi yanakotoka. Yeye anawaambia wateja wa nchi nyingine kwamba kwa kipande kidogo hazihitajiki. Ukikamatwa, mzigo ni wako.

Kama unanunua kwa mtu usiyemjua, mwambie atume video, si picha, chini ya mwanga mweupe, kipande kikigeuzwa hadi kitako kionekane. Mwenye mali safi hakatai hilo. Uliza kilikatwa lini. Kikifika, toa kitako cha kubandikia kilichokuja nacho, kata mfupa mtupu wote, weka kitako kipya. Gundi ya mtu mwingine usiiingize tangini kwako.

Waliokwisha kutumia chupa: acheni kuongeza leo hii, lakini msikimbilie kuushusha ualkali kwa nguvu, maana kushuka ghafla kunachubua vilevile. Simamisha pia dozi yako ya kawaida ya ualkali, uache matumbawe yenyewe yautumie mpaka urudi ulikokuwa. Weka kaboni mpya kwenye chujio, pima amonia, na kama unabadilisha maji badilisha kidogo kidogo kwa maji yenye joto na chumvi ileile ya tangi. Chupa msitupe. Ifungeni vizuri pamoja na karatasi yake, hifadhini mazungumzo na risiti ya malipo, na mpeleke malalamiko kwa waliopitisha fedha mapema iwezekanavyo, kwa sababu muda wa kudai huwa mfupi. Vipande vilivyotoka kwake msimgawie mtu, hata kama vinaonekana vimepona, mpaka vimalize wiki kadhaa karantini bila mayai wala alama mpya.