Kipimo cha umeme wa ubongo kwa mwanangu mwenye usonji: uzoefu wangu

Mwanangu ana miaka 4, ana usonji na bado hasemi. Kwa miezi kadhaa alikuwa akikatika ghafla katikati ya mchezo: macho yanaganda, kope zinapepesa, sekunde kama 10 hivi, kisha anaendelea. Kila niliyemweleza alisema ni usonji tu, watoto hawa huzama katika mambo yao. Nilikaribia kuamini. Lakini akizama kweli, nikimgusa bega hugeuka. Katika vipindi vile hata nikimtekenya hana habari.

Daktari wa neva alitazama video nilizomchukua kwa simu, akaagiza kipimo cha umeme wa ubongo. Hakiumi. Nyaya ndogo kama 20 hubandikwa kichwani kwa dawa nzito ya kunata, nazo husoma umeme wa ubongo wenyewe, hakuna unaoingizwa. Ila kwa mtoto ambaye hata kunyolewa ni vita, kubandikwa nyaya ni mtihani mkubwa.

Mara ya kwanza tulishindwa. Chumba kilijaa kelele, na mhudumu akataka tumshike kwa nguvu. Nilikataa, tukaondoka mwanangu akitetemeka. Bado inaniuma.

Kituo cha pili walinipigia siku chache kabla, wakauliza anapenda nini na nini kinamkera. Wakanishauri nimzoeshe kofia ya kubana na kumgusagusa kichwani kwa pamba yenye maji. Usiku wa kuamkia kipimo tulimchelewesha kulala, tukamwamsha alfajiri, maana usingizi hufichua hitilafu ambazo huenda zisionekane mtoto akiwa macho. Mhudumu alipunguza taa, akabandika waya wa kwanza kwa mwanasesere wake. Mwanangu alitazama, akakubali, baadaye akasinzia mapajani mwangu.

Majibu: kifafa cha kuzubaa. Ameanza dawa, na vipindi vimepungua sana.

Kipimo hiki hakitambui usonji. Huo hutambuliwa kwa kuchunguza mwenendo na makuzi ya mtoto. Tena majibu yakiwa safi, kifafa bado kinaweza kuwepo, kwa hiyo endelea kurekodi video. Lawama yangu kwa kituo cha pili ni moja: ripoti tulikabidhiwa bila maelezo, tukakaa na hofu hadi tulipomwona daktari.

Ukipiga simu kuomba miadi, uliza watamwandaaje mtoto. Wakikujibu kwamba watamshika tu, tafuta kwingine.